Simu za mezani ofisini: nani aliruhusu kila simu ipokelewe kwa spika?

Ndugu zangu, nimevumilia vya kutosha. Tangu tufungiwe simu mpya za mezani, wenzangu wameacha kabisa kuinua mkono wa simu. Ikilia, mtu anabonyeza kitufe cha spika, anaegemea kiti chake, na chumba kizima kinalazimika kusikiliza mazungumzo yasiyokihusu. Kelele ni kero, lakini kinachonichoma zaidi ni kwamba aliye upande wa pili haambiwi kuwa anasikika na watu wote.

Wiki iliyopita mama mmoja alipiga kuulizia malipo yake yaliyocheleweshwa, akaanza kueleza kwa sauti ya chini kwamba fedha hizo ni za matibabu, na ugonjwa wenyewe akautaja. Aliyepokea alikuwa akiendelea kuchapa kwenye kompyuta, na wawili waliokuwa kwenye mashine ya fotokopi waligeuka kusikiliza. Nilishindwa kuvumilia, nikaenda nikauinua mkono wa simu nikampa. Spika ilinyamaza papo hapo na simu haikukatika, kwa maana ndivyo zilivyotengenezwa: ukiinua mkono, sauti inahamia humo. Ni jambo la sekunde moja, lakini mwenzangu alinifokea mimi.

Naambiwa kwamba spika inaacha mikono huru kwa kazi. Anayehitaji mikono yake apewe hedifoni yenye maiki. Maiki ya spika imo ndani ya simu yenyewe, juu ya meza ileile anayochapia, na kila umbali kati yake na mdomo unapoongezeka mara mbili, sauti inayoifikia hupungua kwa takriban desibeli 6, ilhali kelele za chumba zinabaki palepale. Ndiyo maana wateja wanalalamika kwamba wanasikia vishindo vya kibodi kuliko maneno yetu. Wengine husikia sauti zao wenyewe zikiwarudia, kwa kuwa kinachotoka kwenye spika kinaingia tena kwenye maiki, na simu ikishindwa kuuondoa mwangwi huo, anayeumia ni mpigaji, wala si sisi tulioketi hapa.

Kuna na hili: simu za ndani zimepangwa zijifungue zenyewe kwa spika bila mtu kupokea, hivi kwamba bosi anaweza kuingia katikati ya maongezi yako na mteja aliyeketi mbele yako. Nimewaandikia mafundi mara mbili waondoe mpangilio huo, na sijajibiwa.

Ninachodai ni kwamba spika itumike kwenye chumba cha mkutano, mlango ukiwa umefungwa, na kabla ya neno lolote mpigaji aambiwe, "Nimekuweka kwenye spika, nipo na fulani na fulani," kisha aulizwe kama ameridhia. Kwa waliofanikiwa kulipitisha hili kazini kwao: mlianza kwa uongozi, au kwa mafundi wa simu?