Gereji tatu, bei tatu za breki za Corolla 110. Nimwamini nani?

Mama_Nkuhungu

Habari za jioni wakuu, hasa mafundi na mnaoendesha magari ya zamani hapa Dodoma.

Nina Corolla 110 ya 1998, huu mwaka wa saba niko nayo. Wiki mbili sasa gurudumu la mbele kushoto linalia nikikanyaga breki, mlio mwembamba kama filimbi. Nikifunga breki ghafla, usukani unavuta kulia.

Gereji ya kwanza, kubwa, ya Area C: fundi alizunguka na gari uani mara moja, akarudi kuandika 620,000. Pedi, diski mbili, kalipa mbili (zinazobana pedi kwenye diski), masta silinda (pampu ya mafuta ya breki iliyo kwenye pedeli), mafuta ya breki na ufundi. Wa pili yuko chini ya mwarobaini karibu na kwangu: 45,000, anabadilisha pedi za upande unaolia tu, "huko kwingine bado kuko sawa". Wa tatu, Kizota, alivua gurudumu la kushoto akasema 210,000: pedi za mbele, breki shuu za nyuma (zile zinazosugua ndani ya ngoma), mafuta na ufundi.

Mwisho wa mwezi nampeleka mama Iringa kwa njia ya Mtera. Kupanda mlima Nyang'oro hakunisumbui, nawaza kuushuka wakati wa kurudi. Hela ninayo ya kubana. Sitaki kuibiwa, na sitaki kubana matumizi kwenye breki mama yangu akiwa ndani.

Fundi_Mzee_Majengo

Mwanangu, hizo bei hazilinganishiki, kwa sababu wawili wa kwanza hawajaona kitu. Wa tatu angalau amevua gurudumu moja, lakini breki shuu kazipigia bei ngoma za nyuma zikiwa hazijafunguliwa. Nusu ya bei yake ni kubahatisha.

Masta silinda ipime mwenyewe leo hapo nyumbani. Washa injini, gari lisimame, kanyaga breki kwa nguvu ya wastani, kisha tulia hapo hapo nusu dakika bila kuachia. Pedeli ikizama taratibu na hakuna panapovuja nje, raba za ndani ya masta zimechoka. Ikibaki ngumu pale pale, muulize aliyekuandikia mpya aliona nini.

Diski haitupwi kwa sababu ya umri. Tazama kwenye chuma chake, utakuta MIN TH na namba ya milimita, huo ndio unene wa mwisho. Fundi apime pale pedi inaposugua, siyo kwenye ukingo wa nje, maana ukingo haujalika na utamdanganya.

Zile kalipa mbili mpya ndizo zimeniuma. Kalipa za 110 nyingi ninazoletewa hazijafa, zimekwama. Raba ya pini, ile ambayo kalipa hutelezea juu yake, ikipasuka, vumbi letu hili linaingia, grisi inakauka, kalipa haitelezi tena, pedi ya ndani inabaki inafanya kazi peke yake. Gari kuvuta kulia wakati kinacholia ni kushoto kunanipeleka huko. Mwambie fundi atoe pedi zote nne azipange chini mbele yako. Ya ndani ya kushoto ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, shida ni pini. Ukifunga pedi mpya juu ya pini zilizokwama, utarudi kununua nyingine mapema sana.

Huyo wa 45,000 usimpe gari. Pedi hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, la sivyo upande mmoja utashika kuliko mwingine.

Dereva_wa_Kondoa

Dada, mimi nasemea mafuta ya breki. Niliushuka Nyang'oro na Noah ambayo mafuta yake sikuwahi kuyabadilisha tangu niinunue. Katikati ya mteremko pedeli ikawa laini kama nakanyaga godoro. Niliwahi kurudisha gia chini nikasimama pembeni, mikono inatetemeka, watoto nyuma wamelala hawajui lolote.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3, daraja la kawaida la mafuta ya breki, yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, yakishashiba unyevu kiwango hushuka hadi karibu 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mguu wako unabaki kubana mvuke badala ya kusukuma pedi. Kwa hiyo kata chochote kwenye hizo bei, mafuta usiyakate. Na yabadilishwe yote, upepo utolewe magurudumu yote manne. Kujazia juu tu hakusaidii.

Mama_Nkuhungu

Shikamoo mzee. Asanteni wote.

Masta niliipima jioni ile ile, pedeli haikuzama. Nikarudi kwa yule wa Kizota nikamwomba avue magurudumu yote kabla ya kutaja bei, nikamlipa 15,000 ya kukagua. Hakununa. Pedi ya ndani ya kushoto ilikuwa nyembamba kama sarafu, ya nje bado nene, na pini moja aliitoa kwa kuigonga. Diski zote bado ziko juu ya namba iliyoandikwa.

Lakini ngoma ya nyuma kulia ilipotoka, ndani kulikuwa kumelowa. Wili silinda, pampu ndogo inayosukuma breki shuu, inavuja, breki shuu zimenyonya mafuta, zimekuwa nyeusi na zinateleza kidoleni. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa ameliona hilo.

Nimelipa hivi: pedi 60,000, raba za kalipa na grisi ya pini 15,000, wili silinda mbili 40,000, breki shuu 45,000, mafuta 20,000, ufundi 50,000. Jumla 230,000, na ile ya ukaguzi aliiingiza kwenye ufundi. Vipuri vya zamani nimevichukua. Nimelijaribu barabara ya Nzuguni asubuhi kukiwa kweupe, nikafunga breki nikiwa nimeushika usukani kwa wepesi, limesimama limenyooka.

Fundi_Mzee_Majengo

Marahaba mwanangu. Siku mbili tatu za kwanza usifunge breki kwa fujo, pedi zikae sawa na diski. Mkifika Mtera, mama akiwa anachagua samaki, pitisha mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ikiwepo yenye moto kupita mwenzake wa upande wa pili, breki hiyo inabana. Usiuanze mlima mpaka ifunguliwe.