Kutoka Arduino hadi bidhaa kwa Jumamosi nane: nianze na nini?

mhandisi_ntinda
Salaam wakuu. Nina shahada ya umeme na Arduino (bodi ndogo ya kujifunzia kupanga programu za vifaa) naimudu. Nataka kujiendeleza hadi niweze kutengeneza kifaa cha kuuza: kipima maji ya tangi, kinachotumia betri na kutuma SMS mara nne kwa siku. Nimetenga Jumamosi nane. Kozi nyingi za mtandaoni zinaanza na C, lugha ya programu, kisha zinaingia RTOS, mfumo endeshi mdogo wa kuendesha kazi nyingi kwa wakati mmoja. Nifuate mpangilio huo?

risasi_na_waya
C sawa, lakini RTOS iache. Kifaa kinachoamka, kupima, kutuma na kulala hakiihitaji. Jumamosi tatu za kwanza soma umeme wa betri.

Anza na regyuleta, kijenzi kinachoshusha volti za betri hadi zile chipu inazotaka. Bodi nyingi za ESP32, chipu yenye Wi-Fi, zina regyuleta ya AMS1117, ambayo hula takriban miliampia 5 hata chipu ikiwa imelala. Gawanya mwenyewe: betri ya lithiamu ya 18650 yenye mAh (miliampia-saa) 2,500 kwa 5 ni saa 500, siku 21 hivi, na bado hujatuma SMS hata moja. Chipu yenyewe kwenye usingizi mzito hutaka maikroampia 10 tu! Isitoshe, AMS1117 inahitaji volti 1.1 hivi juu ya 3.3 inazotoa, na lithiamu iliyojaa ni 4.2, kwa hiyo haitoshi tangu siku ya kwanza. Regyuleta ya HT7333 hula maikroampia chache, ila haiwezi kutoa zaidi ya miliampia 250, basi Wi-Fi usiiwashe.

Modemu ya SIM800L, ya kutuma SMS, usiipitishe kwenye regyuleta hiyo. Inataka volti 3.4 hadi 4.4 na huvuta hadi ampia 2 kwa vipindi vifupi sana. Ipe betri moja kwa moja, waya mfupi na mnene, kapasita ya µF 1,000 karibu kabisa na pini zake. Ukikosea hapo, itapata mtandao vizuri kisha ijizime inapotuma, na watu huishia kubadilisha laini ya simu bure.

bodi_tupu
Ongeza wochidogi, kipima muda kinachowasha chipu upya programu ikikwama. Kosa la kawaida ni kukilisha, yaani kukipa ishara kwamba programu i hai, ndani ya intarapti ya taima, kipande cha programu kinachoitwa na saa ya chipu. Programu kuu inaweza kuganda huku intarapti ikiendelea, nacho kisishtuke kamwe. Kilishe sehemu moja tu, mwisho wa mzunguko mkuu, na kila kusubiri jibu la modemu kuwe na ukomo. Kisha jaribu: chomoa antena katikati ya kutuma, uone kama kifaa kinarudi chenyewe.

masafa900
Kifaa chenye redio kinahitaji idhini ya aina (type approval) kutoka UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, kabla ya kuuzwa. Waulize mapema, kabla hujafunga mchoro wa bodi. Na kama unataka kozi ihesabiwe kwenye CPD yako (mafunzo endelevu ya kitaaluma), waulize UIPE, taasisi ya wahandisi Uganda, kabla ya kulipa.

mhandisi_ntinda
Asanteni sana. Nina maltimita tu. Hizo ampia 2 nitazionaje?

risasi_na_waya
Kwa maltimita hutaziona, inasoma wastani. Azima osiloskopu, chombo kinachochora volti zinavyobadilika, weka kinzani cha ohm 0.1 kwenye waya hasi wa betri: ampia 2 itaonekana kama volti 0.2. Maltimita ibaki ya kupima usingizi. Ila kwenye µA upinzani wake wa ndani hushusha volti na bodi hushindwa kuwaka, kwa hiyo unganisha waya sambamba nayo wakati wa kuwasha, uutoe bodi ikishalala.