Punda wa porini Marekani: waachwe au wapunguzwe?

Mleta mada: Wakuu, tangu 1971 sheria ya Marekani inawalinda farasi na punda wanaoishi huru kwenye ardhi ya umma. Punda hawa asili yao ni wale walioletwa na Wahispania, halafu wachimba madini wakawatelekeza jangwani kazi ilipokwisha. Wengi wako Arizona, Nevada na California. Je, waachwe au wapunguzwe? Leteni hoja, huruma peke yake haitoshi.

Malisho: Wapunguzwe. Kundi lisipoguswa laweza kuwa maradufu ndani ya miaka 4 au 5. Kiangazi wote hukusanyika kwenye chemchemi moja, kingo zinapondeka, maji yanakuwa tope, na kondoo mwitu wa jangwani wanakosa pa kunywa. Halafu sheria hiyo inahusu ardhi ya BLM (shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma) na ya Idara ya Misitu tu. Death Valley ni hifadhi ya taifa, na huko lengo ni asibaki punda hata mmoja.

Kihongwe: Mkuu Malisho, umetaja tope ukaruka visima. Utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba punda na farasi wa jangwa la Sonoran na Mojave hufukua mchanga wa mito mikavu hadi karibu mita 2, wakafikia maji, na wanyama wengine wakaja kunywa hapo hapo. Na hiyo hiyo Death Valley yako ina puma, yaani paka wakubwa wa mwituni, wanaokula watoto wa punda. Pale puma anapowinda, punda hawakai penye maji usiku, na uharibifu unapungua. Kwa hiyo anayeua puma asishangae punda wakijaa.

Malisho: Puma hayupo kila bonde. Penye watalii na barabara nani atapunguza?

Mshale: Chanjo ya kuzuia mimba, inaitwa PZP. Si dawa ya kupiga mara moja ukaenda zako. Jike anapigwa dozi ya kwanza, ya pili baada ya wiki chache, kisha moja kila mwaka. Inapigwa kwa bunduki ya mishale, kwa hiyo lazima umkaribie na umjue kila jike kwa sura. Punda wa kijivu wanafanana, bila daftari na picha utampiga mmoja mara mbili na mwenzake umruke. Kila mshale uokotwe ukaguliwe: mwingine hugonga ukadondoka na dawa yote ndani. Chanjo haiharibu mimba iliyopo, na punda hubeba karibu miezi 12, kwa hiyo mwaka wa kwanza watoto watazaliwa tu. Hapo ndipo watu hukata tamaa mapema.

Kihongwe: Nakubali. Na wakilazimika kuondolewa, helikopta iachiwe farasi. Punda hawakimbii kwa kundi, hutawanyika na kujibanza vichakani. Zungushia maji zizi la vyuma, acha mlango wazi siku kadhaa mpaka wazoee kuingia, ndipo ufunge. Ukifunga kwa pupa, waliobaki nje watahama.

Malisho: Sawa, wamenaswa. Wanakwenda wapi?

Mshale: Kuasiliwa, yaani raia wawachukue wakawafuge. Zizi liwe na futi za mraba 400 kwa kila punda, uzio futi 4 na nusu, na hati ya umiliki hutoka baada ya mwaka. Chukua wawili, mmoja peke yake hudhoofika. Usimwachie majani mabichi siku nzima: tumbo lake ni la jangwani, atanenepa na kwato zitavimba kwa ndani.

Malisho: Hilo la kwato waasili wangapi wanaambiwa kabla ya kusaini?