Naomba ushauri: kupiga kambi Udzungwa na mzee mwenye goti bovu

Wakuu, salaam.

Mwezi wa saba tunapanga kwenda Udzungwa, watu watano: mimi, mke wangu, watoto wawili (miaka 9 na 13) na baba mkwe, ana miaka 61. Tutatoka Dar kwa gari hadi Mikumi, tushike njia ya Ifakara mpaka lango la Mang'ula. Hifadhi ile haina barabara za magari ndani, ni miguu tu, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Kila mtu anataka Maporomoko ya Sanje, yale ya mita 170. Mzee anajitapa kwamba ujana wake wote amelima milimani Uluguru, ila goti la kushoto linamsumbua, hasa akiteremka. Mliopanda pale, mteremko ukoje? Kuna utelezi hata kiangazi? Au nimshawishi abaki njia fupi za karibu na lango akitafuta mbega wekundu, sisi tupande?

La pili ni malazi. Hema ninalo moja tu la watu wanne, tena la kuazima. Usiku wa Julai unataka mablanketi mazito au shuka mbili zinatosha? Na je, naruhusiwa kuja na jiko langu la gesi la mtungi mdogo? Mke wangu ameshasema mkate na samaki wa kopo siku tatu hali.

Halafu watoto wameng'ang'ania treni ya TAZARA, maana nayo inasimama Mang'ula. Aliyeipanda na mizigo ya kambi anieleze ilikuwaje.