Kati ya Potsdam 1945 na Berlin 1948, kilivunjika nini hasa?

Mwana_Historia: Wakuu, naomba ufafanuzi. Vitabu vya shule vinaanza Vita Baridi kwa hotuba: Churchill kule Fulton Machi 1946, Truman mbele ya Bunge la Marekani Machi 1947. Lakini hotuba peke yake haiwagombanishi watu waliopigana upande mmoja. Mwaka 1945 Marekani, Uingereza na Wasovieti walikaa meza moja Potsdam, miaka mitatu baadaye Berlin imefungwa. Hapo katikati walikosana kwa lipi?

Kabati_la_Nyaraka: Mkuu, anza na fidia ya vita. Kwenye mkutano wa Yalta, Februari 1945, Wasovieti walitaka Ujerumani ilipe dola bilioni 20, nusu iende kwao. Walipoteza watu wapatao milioni 27, kwa hiyo dai lilikuwa na uzito. Potsdam hawakuafikiana kiasi. Wakaamua kila mmoja achukue kwenye ukanda wake wa Ujerumani, iliyogawanywa baina ya washindi, na Wasovieti waongezewe mitambo ya ziada ya kanda za magharibi: asilimia 10 bure, na 15 kwa kubadilishana na chakula na makaa ya mawe. Kasoro iko hapo. Mlisema Ujerumani ni uchumi mmoja, kisha kila mtu anavuna shamba lake! Mei 1946 Jenerali Clay wa jeshi la Marekani kule Ujerumani alisimamisha mitambo iliyokuwa itoke ukanda wa Marekani, na Januari 1947 ukanda huo ukaunganishwa na wa Uingereza.

Noti_za_Kale: Naongezea fedha, maana wengi huiruka. Mwaka 1944 Marekani iliwapa Wasovieti mabamba ya kuchapia marki za jeshi la washirika, fedha ya kutumika Ujerumani. Noti walizochapa wao utazitambua kwa kistari kilichotangulia namba. Walizitumia kuwalipa askari wao malimbikizo ya mishahara, nao wakanunua saa za mkono kwa askari wa Marekani. Mmarekani akazipeleka kwa mhasibu wa jeshi, marki 10 kwa dola, hasara ikaangukia hazina ya Marekani. Madukani hakuna bidhaa, sigara ikawa ndiyo pesa.

Ndiyo maana mwaka 1948 nchi za magharibi hazikukubali tena noti zichapwe nje ya macho yao. Machi 20 Sokolovsky, mkuu wa jeshi la Wasovieti kule Ujerumani, akatoka kwenye Baraza la Udhibiti, chombo cha pamoja cha washindi cha kuitawala Ujerumani. Juni 20 marki mpya ikaanza magharibi, kila mtu akipewa 40 kwa kuanzia. Sasa noti za zamani, zilizokufa magharibi, bado zilikuwa hai mashariki, na zingemiminika huko. Wasovieti hawakuwa na noti mpya tayari, wakabandika vikaratasi juu ya zile za zamani. Magharibi wakaingiza marki yao Berlin ikiwa na muhuri wa herufi B. Juni 24 Wasovieti wakafunga reli, barabara na mifereji ya kwenda Berlin Magharibi, iliyokuwa ndani ya ukanda wao.

Mwana_Historia: Na anga je? Mbona waliiacha?

Kabati_la_Nyaraka: Kwa sababu makubaliano ya anga yaliandikwa. Novemba 30, 1945 walikubaliana kwa maandishi njia tatu za ndege za kwenda Berlin, kila moja upana wa kilomita 32. Barabara na reli zilibaki kwenye maelewano ya mdomo. Kosa hilo liliwalazimu Wamagharibi kuihudumia Berlin kwa ndege: kama safari 278,000 na tani milioni 2.3 za mizigo, sehemu kubwa makaa ya mawe, ambayo vumbi lake lilikula nyaya za ndege. Ndege ya C-47 hubeba tani 3 tu, C-54 hubeba 10. Agosti 13, 1948 mawingu yalishuka, ndege zikarundikana juu ya Tempelhof, uwanja wa ndege wa Berlin, moja ikaanguka na kuungua. Tangu hapo Jenerali Tunner, aliyesimamia safari hizo, akaweka kanuni: rubani akikosa kutua mara ya kwanza, anarudi na mzigo wake alikotoka.

Ramani_Mezani: Nakubaliana na ya Ujerumani, ila mmeisahau Paris. Julai 2, 1947 Molotov, waziri wa mambo ya nje wa Wasovieti, aliondoka kwenye mazungumzo ya misaada ya Marshall, yaani fedha za Marekani za kuijenga upya Ulaya, kwa kuwa mpokeaji alitakiwa kufungua hesabu za uchumi wake na kupanga pamoja na wenzake. Czechoslovakia ilikuwa imeshakubali kuhudhuria mkutano uliofuata. Viongozi wake wakaitwa Moscow, na siku chache tu baadaye ikajitoa.