Mfadhili wa utafiti wa afya, ripoti ikishaandikwa kazi yake imeisha?

Dodoso_Mkononi:
Habari zenu wakuu. Mi ni mkusanya data, nimezunguka sana vijijini na dodoso, zamani la karatasi siku hizi la tableti, na kuna swali naulizwa kila nikirudi kijiji nilichowahi kufika: "mlituhoji weee kuhusu wanetu, majibu yako wapi?" Nakosa la kuwajibu. Mradi ukielekea mwisho inafanyika semina ya mrejesho hotelini, watu wanasaini posho, ripoti anakabidhiwa mganga mkuu wa wilaya, basi, hela imekata na timu imetawanyika. Makala inatoka kwenye jarida la nje ambalo nesi wa zahanati ileile tuliyochukulia data hawezi hata kulifungua maana linalipiwa. Sasa naomba wanaojua wanisaidie, mfadhili anayelipia utafiti anahusika na matokeo kufanyiwa kazi au hapo sio kwake? Na kama wapo wanaohusika wanafanyaje? Naomba mfano wa kitu kilichofanyika kweli.

Mzee_wa_Utete:
Kijana wangu mfano upo na upo hapahapa nyumbani, TEHIP, mradi wa kujaribu njia bora za kupanga huduma za afya wilayani. Vijana wengi wa sekta ya afya hawaijui na inaniuma. Miaka ya 90 Benki ya Dunia ilitoa ripoti yake ya 1993 ikisema nchi maskini inaweza kupunguza vifo sana kwa hela kidogo ikielekeza hela hiyo kwenye magonjwa yanayoua zaidi. IDRC ya Canada, ambao ni wafadhili wa utafiti, wakakaa na Wizara yetu ya Afya wakasema tulijaribu hili wilayani kwa vitendo, wakachagua Rufiji na Morogoro Vijijini. Utamu wa mradi ule ni kwamba utafiti na utekelezaji vilienda pamoja chini ya mradi mmoja, hakuna aliyesubiri ripoti. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba, wengine kwa baiskeli, wanauliza nani amezaliwa, nani amefariki, aliumwa nini, maana wengi walikuwa wanafia nyumbani na kwenye takwimu za hospitali hawaonekani kabisa.

Halafu, na hapa ndo jibu lako lilipo, zile data hawakumrushia mganga mkuu likitabu. Walilipia watu wa kuzigeuza kuwa grafu nyepesi, upande huu ugonjwa unachukua kiasi gani cha maisha ya watu wa wilaya yako, upande huu bajeti yako inaupa kiasi gani. Morogoro ikaonekana malaria inabeba kama 30% ya miaka ya maisha inayopotea na mwaka 1996 ilikuwa inapata 5% tu ya bajeti. Magonjwa ya watoto kama nimonia, kuhara na utapiamlo yakijumlishwa yalikuwa 28% na yanapewa 13%. Timu ya afya ya wilaya ikiona hivyo haihitaji kuhubiriwa. Wakahamisha hela wenyewe, wakaweka nguvu kwenye vyandarua na kufundisha wahudumu IMCI, yaani mtoto akija na homa haangaliwi homa peke yake, anahesabiwa pumzi, anaulizwa kuhara, anapimwa uzito, vyote kwa mkupuo mmoja.

Na hela yenyewe ilikuwa ndogo kijana. Waliruhusiwa kuongezewa mpaka dola 2 kwa kila mwananchi kwa mwaka wakaweza kutumia kama senti 80 tu. Vifo vya watoto vikashuka zaidi ya 40% ndani ya miaka kama mitano.

NyarKisumu:
Nawasalimu kutoka Kenya. Mzee amenena vizuri ila si lazima mfadhili mmoja afanye yote. Huku Kisumu utafiti wa tohara ya wanaume kuzuia Ukimwi ulilipiwa na NIH, taasisi za serikali ya Marekani za utafiti wa afya, pamoja na taasisi ya utafiti wa afya ya Canada, wanaume 2,784 wakashiriki, na Desemba 2006 ukasimamishwa mapema kwa sababu kinga ilikuwa wazi, maambukizi yamepungua kwa zaidi ya nusu. Lakini jamii yetu Waluo haitahiri kimila, sasa ungefanyaje na matokeo kama hayo, uyabandike ukutani? Wafadhili wengine ndio waliingia hapo, wakfu wa Bill Gates ukalipia muungano wa mashirika wa kufundisha wahudumu na kuendelea kutafiti huduma inavyokwenda, PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, wakalipia huduma yenyewe, na serikali ikaenda kuongea na wazee. Raila Odinga, kiongozi mkubwa wa Waluo, alipoiunga mkono hadharani mambo yalisonga. 2008 programu ikaanza Nyanza. Hayo mazungumzo na wazee yalikula muda na pesa na ndiyo wafadhili wengi hawataki kuweka kwa bajeti.

Nesi_wa_Zahanati:
Nakubaliana na dada wa Kisumu, mzee shkamoo lakini nakupinga kidogo. Wilaya mbili zikifanya vizuri wakati mradi upo, wilaya zingine je? Mi nimeshaona mradi mzuri tu, tumefundishwa, vitabu vya mwongozo tumepewa, mradi ukaondoka, aliyefundishwa kahamishwa na dawa zilizoandikwa kwenye mwongozo hazipo stoo, sasa maarifa hayo nimpe mgonjwa anywe? Mfano ninaoupenda mimi ni vyandarua vya Kilombero na Ulanga. Waswisi walifadhili watafiti wa kituo cha afya cha Ifakara wajaribu kuviuza kwa bei nafuu madukani, ikaonekana uwezekano wa kuishi kwa watoto wanaolala ndani ya neti unaongezeka kwa 27%, na haikuishia hapo maana kuanzia 2004 ikaja Hati Punguzo nchi nzima kwa hela ya Global Fund, mfuko wa kimataifa wa Ukimwi, kifua kikuu na malaria, enzi hizo mama alikuwa akija kliniki ya wajawazito anapewa hati, anaenda nayo duka la jirani, anaongezea kidogo, anachukua neti. Yule mama hakusoma utafiti wowote na neti aliipata.

Mzee_wa_Utete:
Marahaba mwanangu. Dawa stoo hilo sibishani, bila dawa mafunzo ni bure.

Dodoso_Mkononi:
Shukrani sana wote, mmenifungua macho. Kwa hiyo kwenye andiko la mradi ujao nimwombe bosi tuweke nini hasa?

Nesi_wa_Zahanati:
Mwambieni mganga mkuu wa wilaya awe ndani toka kwenye kuchagua swali, msimfuate mwisho na ripoti. Wekeni hela ya mtu wa kukaa na timu ya wilaya wakati wanaandaa mpango wa afya wa halmashauri, na mwaka wa fedha unaanza Julai ila mipango inapangwa miezi mingi kabla, matokeo yenu yakitoka Mei mmeshachelewa mwaka mzima. Makala iwe ya kusomwa bure, Wellcome, wafadhili wa utafiti wa afya wa Uingereza, kwa mfano wanalazimisha hivyo kwa utafiti wanaoulipia. Na kijijini mrudi, ombeni mkutano wa kijiji kwa mwenyekiti, hiyo ni nauli na spika tu.

Dodoso_Mkononi:
Hiyo ya Mei ndo ratiba yetu ya sasa kabisa. Jumatatu namfuata bosi tuisogeze.