Tupeane uzoefu: umemkuta ndege wa porini anaumwa, ulifanyaje?

Wakuu, habari zenu. Sisi tunaotembea na darubini shingoni mara nyingi ndio wa kwanza kumwona ndege aliyezidiwa. Huruma inatusukuma kumkimbilia, nami naomba tuzungumzie kilicho bora kuliko kukimbilia.

Naanza mimi. Bwawa lilikuwa limepungua maji kwa joto. Ukingoni nikamwona bata maji amelaza shingo, mabawa yameanguka, anajikokota kwa kifua. Nikabaki mbali, nikapitisha darubini bwawa zima. Wapo wengine hali ileile, na mizoga kwenye matete. Nikapiga picha, nikaipigia simu idara ya wanyamapori, nikawatajia mahali, aina ya ndege na idadi yao. Vipimo vikaonyesha botulizimu, sumu ya bakteria wanaostawi penye tope na joto. Funza wa mizoga huibeba, bata mzima akiwala naye analegea. Dawa ya bwawa ikawa kuzoa mizoga upesi. Ningembeba yule mmoja nikaondoka, wenzake wangeendelea kufa. Nanyi je?

Jibu
Umefanya vema kutomgusa, mkuu, maana kwa macho tu huwezi kujua kama si mafua ya ndege. Kirusi chake cha H5N1 kilipofika Peru mwaka 2022 kiliua mwari kwa maelfu. Mimi nilimkuta shakwe ufukweni kichwa kimepinda, anazunguka palepale. Nikamfunga mbwa wangu kamba, nikatoa taarifa, nikasugua soli za viatu kwa sabuni kabla ya kukanyaga uwanja wa nyumbani, kwa kuwa nafuga kuku. Hilo la viatu wengi tunalisahau.

Jibu
Kwangu ni vioo vya dirisha. Ndege akijigonga na kuzubaa, namwokota kwa kitambaa, namweka kwenye boksi lenye matundu, gizani, kimya. Akipata nguvu ndani ya saa moja au mbili nalifungua nje, anaruka mwenyewe. Bawa likining'inia, ni kwa daktari wa mifugo anayejua ndege. Na jamani, msimmiminie maji mdomoni! Tundu la pumzi liko pale pale kwenye shina la ulimi, maji yanaingia mapafuni.

Jibu
Kinda mwenye manyoya anayerukaruka chini si mgonjwa. Mama yake yuko karibu anasubiri uondoke.

Jibu
Kuna tukio linaniuma hadi leo. Tumbusi walikuwa wamelala kuuzunguka mzoga wa ng'ombe, mmoja bado hai, anayumba, kucha amezikunja. Hiyo ni dalili ya kutilia shaka sumu ya kuulia wadudu kama kabofurani. Msiguse chochote hapo, si ndege, si nyama: sumu hiyo inaweza kumdhuru mtu, na eneo lote ni ushahidi. Tulikaa mbali tukiwazuia watu na mbwa wasisogee hadi askari wa wanyamapori walipofika.

Jibu
Wenye vihori vya kulishia ndege, mkimwona chiriku amejitutumua, mdomo umelowa, anashindwa kumeza, ondoeni chakula na maji siku hiyohiyo. Vimelea vya trikomonasi hupitia mate. Uingereza, tangu 2005, vimepunguza vibaya mno chiriku wa kijani. Mimi niliacha kulisha kwa wiki kadhaa ili ndege watawanyike, nikaosha vihori kwa klorini, fungu moja kwa mafungu tisa ya maji, nikavisuuza na kuvianika juani. Inauma kuona ndege wanakuja wanakuta patupu, lakini pale mezani ndipo wanapoambukizana.

Jibu
Naomba kuuliza: nimemnyang'anya paka hua, simwoni jeraha lolote, anaonekana mzima. Nimwachie?

Jibu
Hapana, usimwachie bado. Jino la paka huacha kitundu kinachojificha chini ya manyoya, na bakteria wa mate yake humuua ndege kwa muda mfupi. Anahitaji antibiotiki. Mweke kwenye boksi, gizani, umpeleke kwa daktari leo, usingoje kesho.